Galaksi zilivyoumbika: darubini ya macho mawili, darubini ya kioo au kompyuta? Ulinganisho kwa walio Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Klabu ya sayansi ina pesa za kununua kitu kimoja. Mwalimu anataka darubini kubwa, mweka hazina anauliza kwa nini wasitumie kompyuta zilizopo maabara, na kuna mwanafunzi aliyeona tangazo la darubini "inayokuza mara 525". Wote watatu wanasema wanataka kuelewa galaksi zilitoka wapi. Tukiulizwa sisi, anzeni na darubini ya macho mawili ya 10x50. Darubini ya kioo ya milimita 200 ifuate mkipata gari la kuibeba na mtu mmoja wa kuitunza. Kompyuta inajibu swali tofauti kabisa, na tutaifikia. Ile ya mara 525 msiinunue hata ikishushwa bei nusu.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Ulipofikisha miaka 380,000, gesi yake ilikuwa imetandaa karibu sawasawa kila mahali: tofauti kati ya sehemu na sehemu ilikuwa kama moja katika laki moja. Palipozidi kidogo palivuta zaidi, palipopungua pakaporwa. Iliyotangulia kujikusanya ni maada ya giza, ambayo haing'ai wala haizuii mwanga, na ambayo kwa jumla inaishinda maada ya kawaida kwa uzito kama mara tano. Gesi ikaifuata. Mwenyeji wa Ahero hahitaji mchoro hapa: mvua inanyesha kote kwenye milima ya Nandi, lakini maji hayashuki kote, yanatafuta vijito, vijito vinaingia Nyando, na nyanda za Kano ndizo zinazofurika. Gesi nayo iliteremka kwenye nyuzi za maada ya giza, ikajaa kwenye vifundo, ikapoa, ikazaa nyota. Galaksi ndogo zilitangulia, zikaungana, na kubwa zikaja baadaye.

Habari hiyo ina ngazi tatu. Galaksi kubwa humeza ndogo. Galaksi hukaa kwa makundi. Makundi yenyewe yamepangwa kwenye utando wa nyuzi na mapengo makubwa matupu. Kila kifaa kati ya hivi vitatu hufaa ngazi moja, na anayekinunua kwa ajili ya ngazi nyingine ndiye anayerudi dukani akinung'unika.

Darubini ya macho mawili: ngazi ya kumezana

10x50 maana yake inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Gawanya 50 kwa 10 upate 5: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwale unaoingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 6 au 7, kwa hiyo mwanga wote unaingia. Uwanja wake wa kuona ni digrii 6 hadi 7. Ngumi yako ukinyoosha mkono ni kama digrii 10. Upana huo ndio siri yake. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) katika kundinyota ambalo Kiswahili huliita Mara, ina urefu wa digrii 3 angani, mara sita ya mwezi mpevu. Katika 10x50 inaenea yote, na pembeni panabaki giza la kuilinganisha nalo.

Hapa ikweta inatupa kitu ambacho wengi hawana. Katikati ya Desemba, saa nne usiku, Andromeda iko kaskazini-magharibi kwenye kimo cha digrii 40 hivi, na papo hapo Wingu Kubwa la Magellan liko kusini-mashariki kwenye digrii 16, likipanda kufikia 20 karibu saa sita. Wingu Dogo liko kusini-magharibi. London hawaoni mawingu hayo kamwe; Cape Town wanaiona Andromeda ikiwa imelalia upeo wa macho. Sisi tunageuka tu.

Na mawingu hayo mawili ni somo lenyewe. Ni galaksi ndogo, moja kwa miaka nuru 160,000 na nyingine 200,000, zinazovutwa na Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Nyuma yake zimeacha mkondo mrefu wa gesi unaoonekana kwa darubini za redio. Gesi hiyo inanyofolewa wakati huu tunaoongea.

Mfano wa pili ni wa Juni, saa mbili na nusu usiku. Tazama kusini utafute Salibu, zile nyota nne zenye umbo la msalaba, kisha panda juu kushoto hadi uone "nyota" yenye ukungu. Hiyo ni Omega Centauri, fundo la nyota mamilioni kwa umbali wa miaka nuru 17,000 hivi. Wanaastronomia wengi wanaichukulia kuwa kiini cha galaksi ndogo ambayo Njia Nyeupe ilishaimeza. Katika 10x50 ni donge la mwanga laini kama pamba, na mtoto wa darasa la tano huiona bila kuelekezwa mara mbili.

Ubaya wake? Mikono hutetemeka. Lala chali kwenye mkeka, au egemeza viwiko ukutani. Ukitaka kukuza zaidi ya mara 10 lazima stendi, na zile za 20x80 zina uzito wa zaidi ya kilo mbili, hakuna mkono unaozihimili. Ubaya wa pili ni prizimu zilizosogea, yaani vile vipande vya kioo vilivyo ndani vinavyokunja njia ya mwanga. Kabla ya kulipa, elekeza kwenye mlingoti wa mbali. Ukiona miwili, au macho yakihisi kuvutwa, irudishe. Huo mvuto utakuwa maumivu ya kichwa baada ya nusu saa. Kisha ishike mbali na uso uitazame kwa nyuma: viduara vya mwanga viwe mviringo kamili. Vikikatwa pembe kama mraba, prizimu ni za bei ya chini na zinapoteza mwanga. Lenzi zenye rangi nyekundu ya kung'aa, na zile za kukuza kwa kubadilisha, ziache dukani.

Kisumu kuna adui wa tatu: kuvu. Unyevu wa ziwa ukikaa ndani ya mkoba uliofungwa, baada ya misimu michache lenzi inaota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na zikishakula kioo hazifutiki. Iache wazi ikauke kwanza, kisha iweke kwenye kopo la plastiki pamoja na pakiti za silika, zile ndogo zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Zikaushe juani kila mwezi.

Darubini ya kioo: ngazi ya makundi

Tunayoisema ni ile ya mtindo wa Dobson: bomba lenye kioo cha milimita 200 chini, limekaa kwenye kiti cha mbao kinachozunguka. Urefu wa fokasi, yaani umbali ambao kioo huchukua kukusanya mwanga mahali pamoja, kwa kawaida ni milimita 1,200. Ukitumia kipande cha jicho, yaani kilenzi unachochungulia, cha milimita 25, gawanya 1,200 kwa 25: unakuza mara 48. Cha milimita 10, mara 120. Inakusanya mwanga mara 16 zaidi ya lenzi moja ya 10x50, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuinunua. Kukuza ni jambo la pili.

Mwanga huo unakufikisha kwenye kundi la galaksi la Mashuke (Virgo kwa Kiingereza), kwa umbali wa miaka nuru milioni 53 au zaidi kidogo, lenye galaksi zaidi ya 1,300. Penye giza safi, kwa mara 48, elekeza kwenye galaksi za M84 na M86: mbili hizo zinaonekana papo hapo kama alama za kidole kwenye kioo cheusi. Tulia, tazama pembeni kidogo ya kitu badala ya kukikazia macho, na nyingine ndogo zinaanza kujitokeza katikati na ubavuni, moja baada ya nyingine, hadi tano au sita katika uwanja mmoja. Hapo ndipo neno "kundi" linapata maana. Ukisogea digrii moja na ushei uko M87, ambayo tundu jeusi lake lina uzito wa jua bilioni 6.5, lile lililopigwa picha iliyotangazwa Aprili 2019.

Kuna jambo la Kenya hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Setilaiti ya kwanza ya kupima anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi kama la Mashuke yamejaa gesi ya joto la mamilioni ya digrii, iliyotanda katikati ya galaksi. Katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za galaksi zake. Hakuna darubini ya dukani itakayokuonyesha gesi hiyo, lakini ukiwa umeinamia M86 ni vizuri kujua kwamba weusi ule wa katikati si mtupu.

Sasa matatizo, na ni mengi. Yote kwa jumla ina kilo 20 hivi. Boda boda haiwezi; kwa matatu utagombana na makanga; kiti cha nyuma cha gari dogo kinatosha bomba likilazwa. Barabara mbovu hutikisa vioo vikahama, basi kila safari vipangwe upya. Elekeza kwenye nyota angavu iliyo juu, vuruga fokasi hadi nyota iwe duara lenye pete. Pete zikiwa zimeegemea upande mmoja, zungusha skrubu moja kati ya tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa, robo mzunguko tu, irudishe nyota katikati ya uwanja, tazama tena. Anayezungusha zote tatu kwa pamoja hupotea. Picha ikiwa na ukungu hata penye giza la kutosha, mara nyingi kosa ni hili, au ni kioo ambacho hakijapoa: kitoe nje dakika 30 hadi 45 kabla. Nakuru, kwenye mita 1,850, usiku hupoa haraka na kusubiri huko ni lazima. Kisumu, kwenye mita 1,130, tofauti ya ndani na nje ni ndogo, ila umande unashuka. Kata godoro jembamba la povu ulizungushie mdomo wa bomba lizidi kwa sentimita 20. Kioo kikipata vumbi kiache. Anayekifuta kwa shati amekichubua.

Tatizo la ikweta lenyewe: Mashuke hupita karibu na utosi, digrii 78 kwa kimo. Kiti cha Dobson hakipendi utosi, kwa kuwa kusogeza kidogo angani kunataka kuzungusha kiti kizima. Subiri kundi lishuke hadi digrii 60 au 65. Na kama muuzaji atakushawishi uchukue stendi ya ikweta kwa sababu "mko ikweta", jina lisikudanganye. Mhimili wa stendi hiyo lazima uelekee ncha ya anga, na hapa ncha iko kwenye upeo wa macho, yaani mhimili ulale chali. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki hivyo, na zikilazimishwa uzani wa nyuma hugonga mguu. Jina lake ni ikweta. Hapa kwenye ikweta ndiko isikofaa.

Ile ya mara 525 ni lenzi ya milimita 60 au 70 kwenye stendi nyembamba. Kanuni ni kwamba kukuza kunakofaa hakuzidi mara mbili ya upana kwa milimita, yaani 140 kwa lenzi ya 70. Zaidi ya hapo ni ukungu unaotikisika. Mwezi na pete za Zohali itakuonyesha. Galaksi, ni Andromeda na mbili tatu nyingine, tena vibaya kuliko 10x50.

Kitu kimoja, vifaa viwili

Andromeda: 10x50 inashinda. Darubini ya kioo ina uwanja wa digrii moja tu kwa mara 48, basi unaona kiini na galaksi ndogo mbili zilizo kando yake, M32 na M110, lakini umbo zima hulipati. Wanaotarajia picha ya mtandaoni huvunjika moyo hapa, kwa sababu picha zile zimekusanya mwanga kwa saa kadhaa na jicho halina subira hiyo. Rangi hazipo. Ni kijivu.

Omega Centauri: kioo kinashinda vibaya sana. Donge la pamba linapasuka na kuwa chembe za nyota kama unga uliomwagika kwenye meza nyeusi.

Galaksi ya Centaurus A, Juni ileile, juu kidogo ya Omega Centauri: katika 10x50 ni doa. Katika milimita 200, penye giza, doa limekatwa katikati na mshipi mweusi. Mshipi huo ni vumbi la galaksi nyingine iliyomezwa, kwa umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi. Kitu kimoja tu kingetushawishi tununue kioo, na ni hiki.

Kundi la Mashuke: 10x50 hukupa M87 na mwenzake mmoja au wawili kama madoa hafifu, tena kwa taabu.

Kompyuta: ngazi ya utando

Utando wenyewe hauonekani kwa kifaa chochote cha kuinamia. Unatokea ukipima umbali wa galaksi mamia ya maelfu na kuzichora, au ukiuiga kwa hesabu. Video za mradi wa IllustrisTNG, ambao sanduku lake kubwa lina upana wa takriban miaka nuru bilioni moja, zinaonyesha nyuzi zikijivuta na mapengo yakipanuka. Zipakueni mara moja mzihifadhi, bando lisiwaishie katikati ya kipindi. Galaxy Zoo, iliyoanza 2007 na picha karibu laki tisa, inamruhusu yeyote mwenye simu kuainisha galaksi halisi. Stellarium ni bure na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Weka mahali pako na saa, hata darubini utaielekeza vizuri zaidi.

Lakini faida kubwa ni kuandika uigaji wenu. Kwa chembe 1,000, kila hatua ina jozi 499,500 za kuvutana. Kompyuta ya kawaida inaweza. Kwa chembe 10,000 ni jozi karibu milioni 50, mara 100 zaidi, na hapo Python ya kawaida, lugha ya kuandikia programu, inakwama. Panga chembe kwenye gridi, zisogeze kila moja kidogo bila mpangilio, kisha acha zivutane. Makosa yatakuja kwa utaratibu huu. Kwanza, chembe mbili zikipishana karibu sana zitarushana nje ya skrini, kwa kuwa nguvu inagawanywa kwa umbali unaokaribia sifuri. Ongeza kiasi kidogo kisichobadilika kwenye umbali, kama sehemu ya 20 ya nafasi kati ya chembe. Pili, hatua za muda zikiwa ndefu nishati itapanda yenyewe. Zipunguze nusu uone kama matokeo yanabadilika. Tatu, kila kitu kitaporomoka kuwa donge moja. Hilo la tatu ni zuri kuliko yote: mmesahau kupanuka kwa ulimwengu. Weka upanuzi, na kingo za sanduku ziungane ili chembe ikitokea kulia iingie kushoto, ndipo nyuzi zitachomoza.

Halafu mtashangaa kwamba hakuna galaksi ya kisahani inayotokea. Haitatokea. Chembe zenu ni kama maada ya giza, hazigongani wala hazipotezi joto. Visahani vinataka gesi inayong'aa, inayopoa na kuzama.

Ubaya wa kompyuta ni stima kukatika na, zaidi, watoto kuamini kwamba mchoro wa rangi ni picha ya kamera. Waambieni tangu mwanzo.

Usiku, mahali na mvua

Msimu wa Mashuke jioni ni Aprili na Mei, yaani ndani ya masika. Zipo njia mbili: Januari na Februari alfajiri, kuanzia saa tisa usiku, au Juni saa mbili na nusu. Shule za bweni zitapenda Juni.

Giza linataka mwezi usiwepo, na macho yanataka dakika 20 hadi 30 bila simu. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu. Kutoka ukingo wa Menengai, mji wa Nakuru uko kusini, chini kabisa ya Mawingu ya Magellan, basi kwa hayo nendeni upande wa Njoro au Mau Narok, na mchukue makoti mazito. Kisumu, ukisimama ufuoni ukitazama kusini, usiku usio na mwezi ndio ule ule wavuvi wa omena wanaowasha taa ziwani. Hawatazizima kwa ajili ya galaksi, na wana haki. Ingieni ndani upande wa Seme, muwe na ruhusa ya mwenye shamba, na msiende watu wawili.

Mkipewa darubini ya kioo iliyotumika, mulika tochi ndani ya bomba kabla ya kushukuru. Vitobo vidogo vya mwanga na vumbi si neno. Rangi ya fedha ikiwa inabanduka kwa vipande au imekuwa na doa la maziwa, kioo kinataka kupakwa upya, na hapo ni bora mjue gharama hiyo kabla hamjauza zile 10x50.